Maji Maangavu Si Ushahidi: Kuchagua Sanduku la Kupimia Bwawa la Nyumbani

Asubuhi ya Jumamosi, kabla watoto hawajaamka, bwawa la kuogelea lililo nyuma ya nyumba huwa limetulia. Maji yake ni ya buluu, na vigae vya sakafuni huhesabika kimoja kimoja. Mwenye nyumba huyatazama akaridhika. Saa chache baadaye watoto wake na wenzao wa jirani watajitosa humo. Watayameza maji bila kukusudia, watafumbua macho chini ya maji, na aliye mdogo kuliko wote pengine atakojoa humo bila kumwambia mtu.

Je, maji hayo ni salama? Jicho haliwezi kujibu. Viini vya maradhi ya kuhara havionekani, na klorini iliyotiwa ili kuviua haionekani vilevile inapokuwa imeyeyuka kwa kiasi kinachofaa. Maji yaliyochujwa vizuri yanaweza kung'aa ilhali hayana klorini hata chembe, na maji yenye klorini ya kutosha yanaweza kuwa na ukungu kidogo kwa sababu ya vumbi au chokaa. Chombo cha nyumbani kinachoweza kulijibu swali hilo ni sanduku dogo la vipimo, lenye vichupa viwili vitatu, dawa za kubadili rangi na kadi ya kulinganishia rangi hizo.

Masanduku ya namna hiyo ni mengi, na bei zake hutofautiana sana. Mnunuzi asiyejua yanavyofanya kazi aghalabu huchagua lililo rahisi, au lenye idadi kubwa ya vipimo. Lakini suala kubwa si idadi. Suala ni hili: je, sanduku linapima klorini inayoweza kuua viini, au linapima klorini yoyote ile, pamoja na iliyokwisha kuchoka?

KLORINI INAVYOFANYA KAZI

Klorini hutiwa bwawani kwa sura mbalimbali. Kuna unga wa hipokloriti ya kalsiamu. Kuna hipokloriti ya sodiamu, ambayo ni kimiminika cha jamii moja na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Na kuna vidonge viyeyukavyo polepole ambavyo klorini yake imeunganishwa na asidi ya sayanuriki. Sura yoyote ikitumika, majini hutokea kitu kimoja: asidi ya hipoklorasi, ambayo alama yake ya kikemia ni HOCl. Molekuli yake ni ndogo na haina chaji ya umeme, kwa hiyo hupenya kwa urahisi ukuta wa seli ya bakteria na kuviharibu vimeng'enya vilivyomo.

Hata hivyo, sehemu ya asidi hiyo huachia ioni ya hidrojeni na kugeuka kuwa ioni ya hipokloriti, OCl⁻. Ioni hii ina chaji hasi, na uwezo wake wa kuua viini ni mdogo mara nyingi kuliko ule wa HOCl. Kinachoamua kiasi cha kila moja ni pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi na ualkali. Katika maji yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, pH ikiwa 7.0, zaidi ya robo tatu ya klorini huwa katika sura ya HOCl. Ikipanda hadi 7.5, hubaki nusu. Ikifika 8.0, hubaki robo tu, na kwenye 8.5 hubaki kama sehemu moja katika kumi.

Maana yake ni kwamba mabwawa mawili yanaweza kuwa na klorini sawa kabisa, miligramu 1 katika kila lita, na bado moja likawa salama kuliko la pili. Kwa hiyo sanduku lisilopima pH halifai, hata likipima klorini kwa usahihi wa hali ya juu. Shirika la Afya Duniani hushauri pH ya bwawa linalotiwa klorini iwe kati ya 7.2 na 7.8. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani hushauri klorini huru isipungue miligramu 1 kwa lita, au miligramu 2 pale inapotumika asidi ya sayanuriki.

KLORINI HURU NA KLORINI FUNGAMANE

Neno "huru" katika ushauri huo ndilo kiini cha jambo lote. Jasho na mkojo wa waogaji vina urea na amonia. Klorini inapokutana na amonia hutokea kampaundi ziitwazo kloramini, na klorini iliyomo ndani yake huitwa klorini fungamane. Klorini hiyo haijatoweka, kwani vipimo vingine bado huiona, lakini nguvu yake ya kuua viini imepungua sana. Jumla ya klorini huru na klorini fungamane huitwa klorini jumla.

Kloramini ndizo zinazowasha macho na kukereketa koo, na ndizo zinazotoa ile harufu kali ambayo watu wengi huiita "harufu ya klorini". Hapa ndipo desturi ya watu inapokinzana na kemia. Mwogaji akisikia harufu kali husema kwamba dawa imezidi, na mwenye bwawa huacha kutia nyingine kwa siku kadhaa. Aghalabu ukweli ni kinyume chake. Harufu hiyo ni dalili kwamba klorini huru imekwisha kutumika na uchafu wa waogaji umelemea maji. Kinachotakiwa ni kuongeza klorini hadi kloramini zenyewe zivunjike, au kubadilisha sehemu ya maji, pamoja na kuwahimiza waogaji waoge kwa sabuni kabla ya kuingia bwawani.

Basi ni wazi kwamba sanduku linalotoa namba moja tu ya "klorini", bila kutenga iliyo huru na iliyofungamana, linaweza kumtuliza mwenye bwawa wakati ambao hapaswi kutulia. Kipimo kikionyesha miligramu 2 kwa lita, yeye hufurahi. Kumbe miligramu 1.8 kati ya hizo ni kloramini, na klorini huru ni 0.2 tu.

KUTOKA RANGI YA MANJANO HADI YA WARIDI

Vipimo vya leo vina historia yake. Mwaka 1908 mji wa Jersey City, Marekani, ulianza kutia klorini mfululizo katika maji yake ya bomba, na miji mingine ikafuata. Haja ya kupima klorini hiyo ikawa kubwa. Mwaka 1909 mkemia S. P. L. Sørensen, akiwa katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alianzisha kipimo cha pH. Mwaka 1913 J. W. Ellms na S. J. Hauser walieleza njia ya kupima klorini kwa dawa iitwayo othotolidini, ambayo hugeuka manjano inapokutana na klorini.

Njia ya othotolidini ilienea kwa sababu ni rahisi: matone machache, kisha kutazama rangi. Ila ina upungufu. Huonyesha manjano kwa klorini huru na hatimaye kwa klorini fungamane pia, na katika maji ya vuguvugu, kama yalivyo mabwawa ya pwani ya nchi za joto, ni vigumu kuzitenganisha. Zaidi ya hayo, othotolidini imeshukiwa kuwa chanzo cha saratani, na maabara nyingi zimeiacha.

Mwaka 1957 mkemia Mwingereza A. T. Palin alichapisha njia nyingine, inayotumia kampaundi ambayo jina lake refu hufupishwa kuwa DPD. Klorini huru huioksidisha DPD mara moja na kuifanya iwe na rangi ya waridi; kadiri klorini ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea. Kloramini peke yake haziifanyi hivyo kwa haraka. Lakini ikiongezwa iodidi ya potasiamu, kloramini huoksidisha iodidi na kuwa iodini, na iodini nayo huigeuza DPD kuwa ya waridi. Kwa hatua mbili hizo mpimaji hupata namba mbili. Kidonge cha kwanza, ambacho kwa kawaida huandikwa namba 1, huonyesha klorini huru. Kidonge cha pili, namba 3, kikitiwa ndani ya maji yaleyale na kuachwa kwa dakika kama mbili, huonyesha klorini jumla. Tofauti ya namba hizo ndiyo klorini fungamane.

AINA ZA MASANDUKU

Mnunuzi atakutana na aina tano hivi.

Ya kwanza ni vijikaratasi vya kuchovya. Kijikaratasi kimoja huwa na vipande vidogo vya rangi, kila kimoja kwa kipimo chake. Hutoa jibu kwa sekunde chache, na hata mtoto wa shule anaweza kukitumia. Hata hivyo, hatua zake za rangi ni pana: kimoja huweza kuonyesha 1, kinachofuata 3, bila kitu katikati. Tena vijikaratasi hivi huharibiwa na unyevu. Katika hewa ya Mombasa, Tanga au Zanzibar, kopo lililofunguliwa mara kwa mara kwa mikono yenye maji huweza kuharibika kabla ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Vinafaa kwa kutupia jicho la haraka, wala si kwa kuamua kiasi cha dawa cha kutia.

Ya pili ni sanduku la matone ya othotolidini, ambalo aghalabu huambatana na fenoli nyekundu ya kupimia pH. Ni la bei nafuu, na kwa sababu hiyo lipo katika nyumba nyingi. Udhaifu wake umekwisha kuelezwa: husoma klorini jumla.

Ya tatu ni sanduku la DPD la kulinganishia rangi. Maji hutiwa katika kichupa, kidonge au matone huongezwa, na rangi inayotokea hulinganishwa na vioo au kadi yenye rangi sanifu. Likiwa na vidonge namba 1 na namba 3, hutenga klorini huru na klorini fungamane. Vidonge vilivyofungwa kimoja kimoja katika karatasi ya bati hustahimili joto na unyevu kuliko matone, na hilo ni jambo la maana mahali ambapo dawa husafiri mbali na kukaa ghalani kwa muda mrefu.

Ya nne ni sanduku la DPD la kuhesabu matone. Unga wa DPD hutiwa katika maji hadi yawe ya waridi, kisha kimumunyisho cha amonia-feri-salfeti hudondoshwa tone baada ya tone hadi rangi itoweke. Kila tone lina thamani yake. Katika masanduku ya kawaida tone moja huhesabiwa miligramu 0.2 kwa lita iwapo maji ni mililita 25, au 0.5 iwapo ni mililita 10. Mpimaji halinganishi rangi, bali huhesabu tu. Njia hii humfaa zaidi mtu ambaye macho yake hayatofautishi vizuri rangi, kwani anachotakiwa kukiona ni mpaka baina ya rangi na weupe.

Ya tano ni fotomita, chombo cha umeme kinachopitisha mwanga katika kichupa na kupima ni kiasi gani cha mwanga kimezuiwa na rangi. Hutoa namba bila kutegemea jicho. Lakini hutumia dawa zilezile za DPD, bei yake ni kubwa, huhitaji betri na kusahihishwa mara kwa mara, na kichupa chenye mkwaruzo au alama za vidole humpotosha mpimaji bila yeye kujua. Fotomita inastahili katika hoteli au shule yenye waogaji wengi. Kwa bwawa la familia si lazima.

PALE KIPIMO KIZURI KINAPODANGANYA

Hata sanduku bora lina mtego mmoja ambao kila mwenye bwawa anapaswa kuujua. Klorini ikizidi sana, kwa kawaida kupita miligramu 10 hivi kwa lita, haikomi katika kuigeuza DPD kuwa ya waridi. Huendelea kuioksidisha hadi kampaundi isiyo na rangi. Kichupa hubaki cheupe, kana kwamba maji hayana klorini kabisa.

Tuchukue bwawa lenye urefu wa meta 10, upana wa meta 5 na kina cha wastani cha meta 1.5. Ujazo wake ni meta 75 za ujazo, yaani lita 75,000. Ili kuongeza klorini kwa miligramu 1 katika kila lita huhitajika gramu 75 za klorini. Unga wenye asilimia 65 ya klorini utahitajika gramu 115 hivi. Mtunza bwawa aliyekosea kipimo cha mkono na kutia kilo mbili za unga huo atapandisha klorini kwa zaidi ya miligramu 17 kwa lita. Asubuhi akipima huona weupe. Akiamini kwamba klorini imekwisha, huongeza nyingine. Kesho yake huona weupe tena. Watoto wakiingia hutoka na macho mekundu na ngozi inayowasha, ilhali daftari la vipimo linaonyesha sifuri siku tatu mfululizo.

Dawa ya mtego huo ni rahisi. Kwanza, mpimaji aangalie kwa makini wakati kidonge kinapoanza kuyeyuka: mmweko wa waridi unaotokea na kutoweka ni dalili ya klorini iliyopita kiasi. Pili, azimue maji. Achukue sehemu moja ya maji ya bwawa, aongeze sehemu nne za maji yaliyokenekwa, apime, kisha azidishe jibu kwa 5. Rangi ya waridi ikijitokeza baada ya kuzimua, ukweli umepatikana. Sanduku la kuhesabu matone, kwa kuwa hutumia unga mwingi wa DPD, huweza kupima klorini nyingi bila kufifia namna hiyo, na hiyo ni sifa yake nyingine.

Fenoli nyekundu nayo huathiriwa. Klorini ikiwa nyingi mno huigeuza kuwa rangi ya zambarau isiyokuwamo katika kadi, na asiyejua hudhani kwamba pH imepanda sana, akatia asidi pasipo haja. Kwa hiyo klorini ipimwe kwanza, na pH ifuate.

Makosa mengine hutokana na mikono. Maji yasichukuliwe juu, ambako jua limekwisha kuila klorini, wala karibu na mdomo wa bomba linalorudisha maji bwawani. Yachukuliwe kwenye kina cha kiwiko cha mkono, mbali na bomba hilo. Kichupa kisizibwe kwa kidole gumba wakati wa kutikisa, kwani jasho la kidole hula klorini. Kidonge kisishikwe kwa vidole. Baada ya kutumia kidonge namba 3 kichupa kioshwe vizuri sana, kwa sababu mabaki kidogo tu ya iodidi yatafanya kloramini zihesabiwe kama klorini huru katika kipimo kijacho. Rangi zitazamwe katika mwanga wa mchana kivulini, si chini ya taa ya manjano, wala kwa miwani ya jua.

JUA, CHOKAA NA VIPIMO VYA ZIADA

Mwanga wa jua huvunja klorini huru. Katika bwawa lisilo na kinga, saa chache za jua kali hutosha kupoteza sehemu kubwa yake. Ndiyo sababu watu hutumia asidi ya sayanuriki, ambayo huishika klorini na kuikinga na jua. Lakini kinga hiyo ina gharama. Kadiri asidi hiyo inavyozidi ndivyo klorini inavyofanya kazi polepole, ingawa kipimo cha DPD bado huihesabu kuwa huru. Na kwa kuwa asidi yenyewe haipotei upesi, kila kidonge cha aina hiyo kinachoyeyuka huongeza kiasi kilichomo. Shirika la Afya Duniani hushauri isizidi miligramu 100 kwa lita. Anayetumia vidonge hivyo anahitaji sanduku lenye kipimo cha asidi ya sayanuriki. Kipimo chake ni rahisi: maji huchanganywa na dawa iitwayo melamini, yakafanya ukungu, na ukungu huo hupimwa kwa kuangalia ni wakati gani doa jeusi lililo chini ya kichupa halionekani tena.

Ualkali wa jumla ni kipimo kingine chenye maana, kwani ndio unaozuia pH isirukeruke kila dawa inapotiwa. Watunzaji wengi huuweka kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita. Ugumu wa maji pia haufai kupuuzwa na wanaojaza mabwawa yao kwa maji ya visima vya pwani. Visima vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe hutoa maji yenye kalsiamu nyingi, na unga wa hipokloriti ya kalsiamu huongeza nyingine. pH ikipanda, chokaa huganda juu ya vigae na ndani ya mabomba. Vipimo hivi viwili vinatosha kufanywa mara moja kwa juma au hata mara moja kwa mwezi, ilhali klorini na pH hupimwa kila siku ambayo bwawa linatumika.

Tahadhari moja haina budi kutiliwa mkazo. Kipimo kikionyesha kwamba asidi na klorini zote zinahitajika, visitiwe kwa pamoja wala kuchanganywa katika ndoo moja, kwani asidi ikikutana na hipokloriti hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Aina mbili za unga au vidonge vya klorini zisichanganywe pia, kwa kuwa zinaweza kushika moto au kulipuka.

LIPI LICHAGULIWE?

Kutokana na maelezo hayo, uchaguzi hauna fumbo kubwa. Kwa bwawa la familia, sanduku linalofaa ni lile la DPD, la vidonge au la kuhesabu matone, linalotenga klorini huru na klorini jumla, na lenye kipimo cha pH kati ya 6.8 na 8.2 au karibu na hapo. Likiwa na kipimo cha ualkali, ni bora zaidi. Bwawa likitumia vidonge vyenye asidi ya sayanuriki, kipimo cha asidi hiyo si anasa bali ni lazima.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize mambo manne. Je, dawa za kujazia zinapatikana mjini kwake, au sanduku litakuwa pambo vidonge vikiisha? Tarehe ya mwisho ya kutumia dawa imeandikwa, na bado iko mbali? Je, hatua za rangi katika kadi zinakaribiana vya kutosha kutofautisha 0.5, 1, 2 na 3? Na je, yule atakayepima kila siku, ambaye mara nyingi si mwenye nyumba bali ni mtunza bustani, anaweza kuzitofautisha rangi hizo na kuyaelewa maelezo yaliyomo? Sanduku zuri mikononi mwa mtu asiyefundishwa halina faida kubwa. Afundishwe, apewe daftari, na aandike namba badala ya kusema tu kwamba maji "ni mazuri".

KIPIMO KISICHOWEZA KUSEMA

Sanduku la vipimo halioni viini vya maradhi. Huonyesha tu kama mlinzi yupo kazini, na mlinzi huyo ana mipaka yake. Kwa mujibu wa Kituo cha Marekani kilichotajwa hapo juu, katika maji yenye klorini huru miligramu 1 kwa lita, pH 7.5 na joto la nyuzi 25, bakteria ya E. coli hufa kwa muda usiofika dakika moja, virusi vya homa ya ini aina ya A kwa dakika 16 hivi, na kijidudu Giardia kwa dakika 45 hivi. Lakini Cryptosporidium, kijidudu kingine kinacholeta kuhara, huweza kudumu zaidi ya siku 10. Kwa hiyo mtoto anayeharisha asiingie bwawani hata kama kipimo cha asubuhi kilikuwa kizuri kabisa. Hakuna kidonge cha DPD kinachoweza kuziba pengo hilo.

SOMO LA DARASANI NA LA NYUMBANI

Shule nyingi hazina bwawa, lakini vidonge vilevile vya DPD hupima maji ya kunywa. Katika kuyahami maji ya kunywa dhidi ya kipindupindu, ugonjwa uliozuka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 na kusambaa mikoa mingi, ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba klorini huru iwe angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, na isipungue 0.2 maji yanapomfikia mtumiaji. Mwanafunzi anaweza kupima maji bombani, kisha katika tangi la shule, kisha katika ndoo ya bwenini, na kuona mahali mlinzi anapopotelea.

Jaribio jingine halihitaji gharama. Chupa mbili za kioo zijazwe maji yaleyale yenye klorini. Moja iwekwe juani, nyingine kabatini. Kila baada ya nusu saa zipimwe, na matokeo yachorwe katika grafu. Mistari miwili itakayopatikana itafundisha kasi ya mmenyuko, kazi ya mwanga katika kemia, na sababu ya kupima bwawa jioni na pia asubuhi.

Wahenga walisema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwa mwenye bwawa, agizo hilo lina sehemu iliyotangulia: kabla mtoto hajavua nguo, kichupa kiwe kimekwisha kuchovywa na namba zimekwisha kuandikwa. Ni kazi ya dakika tano. Namba ya klorini huru ikitosha na pH ikiwa mahali pake, watoto waitwe. Isipotosha, bwawa lisubiri, hata kama maji yanang'aa kiasi cha kuhesabika vigae.